Mkimbizi na Utenzi wa Lamu

Husemwa kwamba mshairi akihama kwao hukauka. Maisha ya Abdilatif Abdalla yanaikataa hoja hiyo. Mzaliwa huyu wa Mombasa alifungwa miaka 3 kwa waraka wa 1968, *Kenya: Twendapi?*, alipotoka 1972 akahamia Dar es Salaam, baadaye London na Leipzig. Huko Dar, 1973, alihariri utenzi wa shujaa Fumo Liyongo uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu. Msomaji wa Kipungani, kisiwani humohumo, akapata urithi wake kwa mkono wa mkimbizi. Kweli, tungo za diwani yake, *Sauti ya Dhiki*, zilitungwa kifungoni, si ugenini. Lakini kuhifadhi nako ni kazi ya mshairi (wengi husahau). Diwani hiyo ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga.