Kabla ya kulipa minervali: historia ya uhandisi wa viwanda katika Congo

Katika familia nyingi za Goma, Bukavu na Uvira, swali moja linarudi kila mara matokeo ya mtihani wa serikali yanapotangazwa: mtoto asomee nini? Kwa familia iliyokimbia vita swali hilo ni zito zaidi. Shamba limeachwa Masisi au Rutshuru, mifugo imeisha, na pesa iliyobaki inatosha mtoto mmoja tu. Wakikosea fakilte, hakuna pesa ya kuanza upya.

Kati ya masomo yanayotajwa siku hizi ni uhandisi wa viwanda na usimamizi, ambao wengi wanaujua kwa jina la Kifaransa, génie industriel. Jina ni kubwa, lakini historia ya Congo inaweza kusaidia wazazi kuelewa kilicho ndani yake.

Somo hili lilizaliwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Frederick Winslow Taylor alitumia saa kupima kazi za viwandani na mwaka 1911 akatoa kitabu juu ya usimamizi wa kisayansi. Wahandisi wengine walitengeneza mashine. Huyu aliuliza jambo lingine: kazi inapita wapi, inakwama wapi, na nani anapoteza muda? Wafanyakazi wengi walimchukia, wakiona kwamba saa yake ilikuwa ya kuwakamua. Lawama hiyo haijaisha hata leo, na mwanafunzi mwema anapaswa kuijua.

Katika Congo, viwanda vilitangulia vyuo vikuu kwa miaka mingi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, lakini Lovanium, kule Léopoldville, ilifungua milango mwaka 1954, na chuo kikuu cha serikali cha Elisabethville kikafuata mwaka 1956. Kwa karibu nusu karne Mkongomani alifundishwa kufunga bolti, kuendesha mashine na kuandika daftari la bohari. Kupanga kazi yote na kuhesabu gharama kulibaki kwa Wazungu. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliomaliza chuo kikuu hawakufika hata 30 katika nchi nzima.

Serikali ilitaka kuziba pengo hilo haraka. Union Minière ilitaifishwa na baadaye ikawa Gécamines. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisation: maduka, mashamba na biashara za wageni vikapewa wenyeji, wengi wao watu wa karibu na utawala. Wengi waliopokea hawakujua kuagiza vipuri wala kutenganisha pesa ya duka na pesa ya nyumbani. Katika muda mfupi rafu zilibaki tupu.

Gécamines ilikuwa tofauti, kwa sababu ilikuwa na wahandisi wazuri. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Miaka kumi baadaye ilikuwa karibu tani 30,000 tu. Pesa ilichukuliwa, mashine hazikutunzwa, na mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Kivu nayo iliona mambo yake: SOMINKI, iliyounganisha makampuni ya migodi mwaka 1976, ilipigwa na anguko la bei ya kasiteriti mwaka 1985, na mwaka 1997 ikafungwa. Familia nyingi za Kamituga bado zinakumbuka mishahara iliyokatika.

Historia hiyo inafundisha mambo mawili. Kwanza, kujua mashine peke yake hakutoshi. Lazima awepo mtu anayejua gharama, akiba ya vipuri na mpango wa matengenezo. Pili, mtu huyo si mganga. Anaweza kuonyesha hasara kwenye karatasi, lakini wakubwa wakiamua kula mtaji, hesabu zake hazitaokoa kampuni.

Hapa mashariki viwanda vikubwa ni vichache, lakini kazi ya namna hii ipo. Kahawa ya Kalehe au Idjwi ikichumwa inapaswa kumenywa siku hiyo hiyo. Lori likichelewa au mashine ikikwama, ubora unashuka na mkulima ndiye anayelipa. Kiwanda cha sabuni, mashine ya kusaga unga, bohari ya dawa, ugawaji wa chakula kwa wakimbizi: kote huko anahitajika mtu wa kupanga foleni, stoki na usafiri.

Kwa hiyo mzazi asiishie kwenye jina la programu. Aombe orodha ya masomo. Ndani yake kuwe na hesabu, fizikia na takwimu za kutosha, pamoja na uhasibu, ubora, usalama wa kazi na stoki. Ikiwa ni usimamizi mtupu bila hesabu, hiyo si uhandisi. Aulize kama chuo kinatambuliwa na serikali, kama kuna maabara yenye umeme, na wanafunzi wanafanya staji wapi. Aulize pia diploma yenyewe: mhandisi wa politekiniki na fundi mhandisi wa taasisi ya ufundi hawasomi miaka sawa, na wote wawili wana kazi yao. Kijana aliyesoma seksyo isiyo na hesabu nyingi ajue mapema kwamba mwaka wa kwanza utakuwa mgumu.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Congo vimeanza kuingia katika mfumo wa LMD: miaka mitatu ya lisansi, miwili ya masta. Katika mfumo huu masomo yaliyofaulu yanahesabiwa kwa krediti. Kwa aliyelazimika kuhama mji kabla ya kumaliza mwaka, karatasi ya pointi ni mali. Itunzwe pamoja na diploma ya serikali, ndani ya plastiki, na picha yake ibaki kwenye simu ya ndugu aliye mji mwingine. Nyumba inaweza kuachwa usiku mmoja. Karatasi hizo zitoke na watoto.