Kabla ya turbo kulikuwa na skrubu

Haipiti wiki bila msee mmoja kuniandikia, "Buda, niko na CX-5 ya dizeli, nikifunga turbo kubwa itatoa nini?" Mwingine ako na Prado. Mwingine hana gari bado lakini ameshachagua ekzosi. Mimi si fundi, jamani. Mimi ni kijana wa Pipeline anayependa injini na mambo ya zamani, na nimejibu mmoja mmoja hadi vidole vimechoka. Leo nawajibu wote, na sitaanza na bei za vipuri. Naanza nyuma kabisa, kwa sababu hii tabia ya kuiongezea dizeli nguvu hapa Eastlands haikuletwa na laptopu. Ilianza na skrubu, na kwa maoni yangu hatujawahi kutoka kwa hiyo skrubu.

Kwanza hewa. Ukipanda juu ya ploti yoyote ya hapa kwetu unaona ndege zikishuka JKIA, na uwanja ule uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Wewe husikii chochote kwa sababu umezaliwa hapa. Injini inasikia. Dizeli isiyo na turbo inavuta hewa kwa pumzi yake tu, kwa hivyo lori lililotoka bandarini likiwa na nguvu zake zote linafika Athi River likiwa limepungukiwa, na hakuna kitu kimeharibika. Likiendelea hadi Limuru ama Timboroa linapungukiwa zaidi. Hiyo ndiyo shida ambayo turbo ilikuja kutibu, na ndiyo maana nasema turbo ni dawa ya watu wa milimani kabla ya kuwa mchezo wa vijana wa barabara ya lami.

Aliyeiwaza alikuwa Mswisi, Alfred Büchi, mhandisi kutoka Winterthur. Alitazama injini akaona sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta inatoka na joto la moshi na kupotea. Akauliza, kwa nini huo moshi usifanye kazi kabla ya kuondoka? Uzungushe pangaboi dogo, na hilo pangaboi lizungushe lingine upande wa pili linalosukuma hewa safi ndani ya silinda. Akachukua hataza mwaka wa 1905. Ilibidi angoje miaka ishirini hivi ndipo watu wamuamini. Meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilishushwa majini 1926 zikiwa na injini za dizeli zenye turbo yake, na nguvu ya kila injini ikapanda kutoka farasi 1,750 hadi 2,500. Hakuna aliyeongeza silinda. Ni hewa tu.

Katikati ya hapo kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka wa 1918 Wamarekani walikuwa wanataka ndege zipigane juu sana bila injini kuishiwa na pumzi. Mhandisi wa General Electric, Sanford Moss, akapandisha injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak kule Colorado, zaidi ya mita 4,300, akaifunga turbo na kuiwasha hukohuko juu. Ikarudisha nguvu yake ya pwani. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema turbo ni ya kukimbia, mwambie jaribio lake maarufu lilifanywa injini ikiwa imesimama mahali pamoja, juu ya mlima, kama sisi.

Kwa magari madogo ya dizeli ilichelewa sana. Mercedes-Benz 300SD ilianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1978, na hiyo ndiyo inahesabiwa kuwa gari la kwanza la abiria la dizeli lenye turbo. Kwetu, nafikiri neno lenyewe liliingia kupitia Safari Rally, kwa sababu Toyota Celica Twincam Turbo ilishinda 1984, 1985 na 1986 mfululizo. Ilikuwa ya petroli, lakini nani alijali? Nimekua nikiona maandishi ya TURBO kwenye vioo vya nyuma vya magari ambayo hayakuwa na turbo hata ya kusingiziwa.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka wa 1973 mambo mawili yalitokea. Mzee Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya TLB, zile za senti thelathini, mapeni matatu ya kumi kumi. Mwaka huohuo ikaundwa Kenya Pipeline Company, na kufikia 1978 bomba la kilomita 450 lilikuwa linasukuma mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi. Mtaa wetu umebeba jina la hilo bomba. Kwa hivyo sisi watu wa Pipeline tumeitwa jina la mafuta, na tukaenda kazini ndani ya magari yanayoyachoma. Sijui mtaa mwingine wenye haki zaidi ya kuandika hii historia.

Matatu ina hesabu moja tu: mwenye gari anataka pesa yake jioni, iwe jam ama mvua. Dere anahitaji raundi, na raundi inahitaji gari linaloondoka steji likiwa limejaa watu kumi na wanne (enzi za kabla ya mikanda walikuwa kumi na wanane na mtoto) bila kulia kwenye gia ya pili. Dizeli za Nissan na Toyota za miaka ya tisini nyingi hazikuwa na turbo. Zilikuwa ngumu, zilikubali mateso, lakini kwa hewa yetu zilikuwa nzito kuamka. Na turbo ilikuwa pesa. Hapo ndipo skrubu inaingia.

Kila pampu ya dizeli ya zamani ina skrubu inayoamua mafuta mengi kabisa yanayoweza kuingia kwenye injini ukikanyaga hadi mwisho. Kiwandani wanaipima, wanaifunga, na wanaitia sili ili usiiguse. Fundi wa Kirinyaga Road, kule ambako wazee bado wanaita Grogan, anakata sili, anazungusha kidogo, anasikiliza, anazungusha tena. Dakika kumi. Hakuna kipuri. Gari linatoka pale likivuta kama limekunywa uji. Nikiulizwa ni kitu gani kimeongezea magari ya Nairobi nguvu kuliko kingine chochote, sitataja kampuni yoyote ya turbo. Nitataja hiyo skrubu na bisibisi ya fundi.

Lakini tazama hesabu yake. Büchi aliongeza hewa, kisha mafuta yakafuata. Sisi tuliongeza mafuta, hewa ikabaki ileile nyepesi ya mita 1,600. Mafuta yasiyopata hewa ya kutosha hayaungui yote. Yanageuka masizi na joto. Masizi unayaona, ni ule moshi mweusi ukiwa nyuma ya mathree kwenye Outering. Joto hulioni, na hilo ndilo linaua injini.

Nalijua kwa sababu liliua yetu. Anko wangu alikuwa na Nissan Caravan ya injini ya TD27, iliyokuwa ikifanya Pipeline na tao. Skrubu ilishazungushwa zamani. Karibu 2006 akasikia kuna TD27T, injini karibu ileile lakini yenye turbo, inayokuja ikiwa imekatwa kutoka Japani. Akanunua turbo na mabomba yake, fundi mmoja akaifunga Jumapili, na kwa sababu sasa kuna hewa wakafungua pampu tena. Mwezi mmoja anko alikuwa mfalme. Makanga walikuwa wakimwita Ndege. Hakukuwa na intakula ya kupoza hewa, hakukuwa na geji ya joto la ekzosi, na oili ilikuwa ile ya kupimiwa kwa jagi. Turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika ikiwa imekalia utando wa oili tu, lakini nani alimwambia?

Wikendi moja tukakodiwa kwenda mazishi upande wa Nakuru. Kwenda kulikuwa sawa. Kurudi, tukipanda kutoka Naivasha kuelekea Kinungi, tumejaa, anko hakutaka kuachwa na msafara. Nilikuwa mtoto, nimekaa karibu na injini, na nakumbuka kiti kikiwa moto kiasi kwamba mamangu aliniinua akanipakata. Kisha mlio kama mtu amegonga sufuria, moshi, na kimya. Pistoni ya silinda ya tatu ilikuwa na shimo unaloweza kupitisha kidole. Tulilala kando ya barabara na watu wakiwa na nguo za mazishi.

Nimekuja kumuuliza mzee mmoja wa Grogan kosa lilikuwa wapi. Alicheka. "Kijana yangu, turbo haikuua hiyo gari. Mguu na skrubu ndivyo viliua. Turbo ilifika tu ikakuta maiti inatembea."

Hadithi hiyohiyo ipo kwenye magari ya pesa. Land Cruiser ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita bila turbo, ndiyo imebeba mashirika, polisi na watalii Afrika Mashariki yote tangu 1990. Watu hupenda kuifunga turbo, na Australia kuna biashara nzima ya hiyo kazi. Inawezekana na inafanya kazi vizuri, lakini angalia Toyota wenyewe walifanya nini walipotaka turbo: walitengeneza 1HD-T, injini ya ukubwa huohuo lakini mafuta yanaingia moja kwa moja kwenye silinda, na mgandamizo umeshushwa kutoka 22.4 hadi 18.6. Yaani kiwanda chenyewe kiliona haitoshi kuweka konokono la chuma kando ya injini. Kilibadilisha injini.

Halafu akaja Michuki. Kanuni zake zilianza kutumika Februari 2004: mikanda, mstari wa manjano, spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa. Mafundi walewale waliokuwa wanafungua pampu wakajifunza kufunga gavana mchana na kuifungua usiku. Nasema hivi bila kucheka sana, kwa sababu nguvu ilikuwa imeongezwa kwa miaka mingi na sijawahi kukutana na mtu aliyeongeza breki.

Na sasa tuko kwenu, wenye CX-5. Hiyo gari imetoka kiwandani na turbo mbili, ndogo na kubwa, na mvuto wa Nm 420. Mgandamizo wake ni 14 tu, wa chini sana kwa dizeli. Kila kitu kinapimwa na kompyuta. Msee anakuja na laptopu, anakuuzia "steji 1" (si ile ya kungojea mathree), na kinachofanyika ndani ni nini? Kuruhusu mafuta zaidi na msukumo zaidi wa hewa. Ni ileile skrubu, imevaa suti. Ikipimwa vizuri na mtu anayesoma joto na hewa, ni kazi ya heshima, na wapo vijana hapa Nairobi wanaoifanya hivyo. Ikinakiliwa tu kutoka faili ya gari la Ulaya, la usawa wa bahari, umerudi Kinungi.

Kinachoniuma zaidi ni kile kichujio cha masizi, DPF. Kinaziba kwa sababu ya jam zetu na safari fupi, hiyo ni kweli kabisa. Dizeli yetu ilishuka hadi salfa 50 kwa milioni tangu Januari 2015, kwa hivyo kisingizio cha mafuta machafu kimepungua nguvu. Bado watu wanakitoboa, wanakifuta kwenye kompyuta, kisha wanaposti moshi mweusi kama medali. Mwaka wa 2012 Shirika la Afya Duniani kupitia kitengo chake cha saratani liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Sasa uchukue huo moshi uulete Pipeline, ambako ploti zimesimama ghorofa saba, nane, dirisha kwa dirisha, na upepo hauna pa kupita.

Anko alikuwa akiegesha Nissan yake chini ya dirisha letu, na alfajiri aliiacha ingurume dakika kumi ikipata joto. Dadangu mdogo ana pumu. Mamangu alikuwa akiziba dirisha kwa leso ya mvua saa kumi na nusu kila siku, na hakuwahi kumwambia anko ahamishe gari, kwa sababu ni hiyo gari, na hiyo skrubu, iliyotulipia karo sote wawili.

Kwa hivyo ukiniuliza ufunge nini, jibu langu ni hili: geji ya joto la ekzosi kwanza, oili ya kweli, intakula, rediata iliyosafishwa, breki. Kichujio kiache. Ukimaliza hizo na bado una pesa, niandikie tuongee turbo.