Uhalifu Usiofika Kituoni: Takwimu, Sungusungu na Usalama wa Raia Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Kila mwaka Jeshi la Polisi Tanzania na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa ripoti ya hali ya uhalifu na matukio ya usalama barabarani. Makosa hugawanywa katika mafungu matatu yaliyozoeleka: dhidi ya binadamu, ya kuwania mali, na dhidi ya maadili ya jamii, kisha kila mkoa wa kipolisi hupewa idadi yake. Magazeti huichukua orodha hiyo na kutangaza mkoa upi umeongoza na upi umetulia. Makala haya yanaupinga usomaji huo. Kwa mji kama Mwanza, pamoja na visiwa na mialo (maegesho ya mitumbwi ya uvuvi) inayouzunguka, kiwango cha uhalifu kilichoandikwa hupima zaidi umbali uliopo kati ya raia na kituo cha polisi kuliko hatari anayoishi nayo raia huyo. Sehemu kubwa ya usalama wa eneo hili imejengwa na wananchi wenyewe, nje ya vitabu vya serikali. Na sehemu kubwa ya madhara, yakiwemo yaliyofanywa na walinzi wenyewe, imebaki huko huko nje ya vitabu.

Tuanzie kaunta. Tukio huwa kosa la jinai kitakwimu pale tu askari wa zamu anapoliandika na mlalamikaji akapewa namba yake, ile inayoitwa na kila mtu RB. Kabla ya hapo ni habari za mtaani. Aliyepigwa hadi akaumia ana sababu ya kufika kituoni, kwa kuwa hospitali itamuuliza PF3, na fomu hiyo hutoka kwa polisi. Aliyevunjiwa banda la kuku Buhongwa hana msukumo huo. Aliyekwapuliwa simu anataka kwanza kurudishiwa laini yake. Basi huchukua taarifa ya upotevu wa mali, na wizi ule unaingia katika kumbukumbu kama kitu kilichodondoka. Binti aliyebakwa na ndugu wa karibu huitiwa kikao cha ukoo, na mara nyingi mambo huishia hapo. Kila aina ya kosa, basi, ina njia yake ya kufika kaunta, na njia hizo hazilingani urefu. Mkoa utakaofungua dawati la jinsia na watoto lenye askari wasikivu utaonekana umeharibika mwaka unaofuata, kwa sababu waliokuwa kimya wameanza kusema. Madhara ya jambo hili ni ya kweli: kamanda anayefanya kazi yake vizuri anaweza kuhesabiwa kuwa ameshindwa.

Upande wa pili wa hesabu ya kiwango, yaani idadi ya watu ambayo makosa hugawanywa kwayo, nao una matatizo yake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,772,509 mkoani Mwanza. Ya 2022 ikahesabu 3,699,872. Miezi michache kabla ya ile ya kwanza, Machi 2012, ulianzishwa Mkoa wa Geita, ukamega eneo kubwa la Mwanza pamoja na machimbo ya dhahabu na mialo ya upande wa magharibi. Anayechora mstari wa uhalifu wa Mwanza tangu 2005 bila kulitaja hilo anafuatilia maeneo mawili tofauti yenye jina moja.

Ziwani mambo ni magumu zaidi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukipevuka taa haina nguvu ya kuwavuta, hivyo wavuvi hupumzika na wengi hurudi makwao. Kambi ya uvuvi Ukerewe au katika visiwa vya Muleba inaweza kufurika wiki hii na kupwaya wiki ijayo. Sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku mmoja tu. Usiku wa kuamkia 26 Agosti 2012 mwezi ulikuwa umeshapita nusu, ukielekea kupevuka. Usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 ulikuwa umebaki kipande chembamba, siku nne kabla ya mwezi mpya. Sensa hizo mbili zilizikuta kambi za dagaa katika hali mbili tofauti. Kwa mkoa mzima tofauti hiyo inamezwa na mamilioni. Kwa kata ya kisiwani, ambako ndiko doria zinakopaswa kupangwa, inatosha kugeuza kisiwa tulivu kuwa hatari au hatari kuwa tulivu, bila mtu yeyote kuibiwa zaidi wala kuibiwa pungufu.

Wizi wa injini unaonyesha jambo hili kwa ukaribu. Mtumbwi uko mbali na nchi kavu, nyavu ziko majini. Mtumbwi mwingine unasogea, watu wake wanaomba mafuta au wanauliza njia, kisha silaha zinatoka. Injini imeshikwa nyuma ya mtumbwi kwa vibano viwili vya kukaza kwa mkono. Kuifungua ni kazi ya dakika chache, na mara nyingi wavuvi ndio wanaolazimishwa kuifungua wenyewe. Maharamia huondoka nayo, pamoja na nyavu na samaki, na kuwaacha wavuvi na makasia kama wana bahati. Mali iliyochukuliwa ina thamani ya mamilioni ya shilingi, lakini si ya waliokuwa ndani ya mtumbwi. Ni ya tajiri, yaani mwenye mtumbwi, ambaye huenda anaishi Kirumba mjini Mwanza au Nansio kule Ukerewe. Swali la kwanza la tajiri huwa: mliiuza? Kabla ya kuwa kesi ya unyang'anyi, tukio limekuwa ugomvi kati ya mwajiri na vibarua wake. Kwenda kituoni kunahitaji mtumbwi mwingine na mafuta. Huko nako kuna swali la mipaka: je, tukio lilitokea kwenye maji ya Mwanza, ya Kagera au ya Mara, au lilikuwa karibu na maji ya Uganda? Mvuvi ambaye ni mgeni kambini, hana mkataba, na anashukiwa na bosi wake mwenyewe, huona nafuu kuhamia mwalo mwingine. Hakuna RB. Tajiri hununua injini nyingine, na gharama yake inaingia katika mgao wa wavuvi wa msimu unaofuata.

Mjini kuna umbali wa namna nyingine. Igogo, Mabatini, Bugarika na sehemu za Isamilo zimepanda milima ya mawe ambayo ndiyo sura ya Mwanza. Nyumba zimeshikana juu ya miamba, na njia ni vijia na ngazi za mawe. Difenda ya polisi inaishia chini barabarani. Mama muuza samaki anayeshuka alfajiri kwenda soko la samaki la Mwaloni, au kijana wa umachinga anayepanda saa nne usiku na mauzo ya siku mfukoni, yuko mita mia chache kutoka kwenye lami, lakini kwa mtu anayehitaji askari umbali huo ni mrefu sana. Anayemsikia akipiga yowe ni jirani. Kwa hiyo jirani ndiye mlinzi wa kwanza, na mara nyingi wa mwisho.

Hapo ndipo historia ya Usukuma, nchi ya Wasukuma inayoizunguka Mwanza, inapotufaa. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliendesha operesheni ya kukomesha mauaji yaliyohusishwa na uchawi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Watu wengi walikamatwa, wakateswa, na baadhi walifia mikononi mwa waliowashikilia. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977 kwa kuwajibika kisiasa ingawa hakushiriki katika uovu huo. Taifa linamkumbuka kwa heshima kwa hatua hiyo, na ndivyo inavyostahili. Kilichosahaulika ni athari ya operesheni yenyewe vijijini: dola ilikuwa imekuja kwa kishindo, ikaumiza, ikaondoka, na mauaji yakaendelea. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikaacha silaha mikononi mwa wahalifu, uchumi ukaanguka, wizi wa ng'ombe ukashamiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuanzia upande wa Kahama, wanakijiji wakaunda Sungusungu: wanaume wenye pinde na mishale, mtemi wao, filimbi, na mwano (yowe la kuomba msaada) unaopokewa kijiji hadi kijiji mpaka mwizi anakosa pa kupitia. Polisi waliwakamata baadhi yao. Mwalimu Nyerere na Rashidi Kawawa waliwaunga mkono. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuwapa nafasi kisheria.

Watafiti walioufuatilia mfumo huu, kama Ray Abrahams, Sufian Bukurura na Simeon Mesaki, wanatuonyesha sura zake zote mbili. Wizi wa mifugo ulipungua, na wanakijiji walilisema hilo kwa fahari. Silaha yao kubwa ilikuwa kumtenga mtu: haazimwi moto, hasaidiwi msiba, hauziwi kitu mpaka alipe faini. Lakini Sungusungu hao hao walianza kwa kuwasaka wezi na wachawi kwa pamoja, na anayeitwa mchawi katika nchi hiyo mara nyingi ni mwanamke mzee. Macho yaliyokuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupikia kwa moshi yalitosha kuwa ushahidi. Siwezi kukubaliana na wanaousifu ulinzi wa jadi kama hekima safi ya wahenga, wala na wanaoubeza kama ukatili wa mashambani. Ulimlinda mwenye ng'ombe. Bibi kizee asiye na mtoto wa kumtetea aliishi hatarini zaidi chini yake, na wala hakukuwa na kitabu ambacho kilio chake kingeandikwa.

Ushahidi bora zaidi nilionao juu ya hili ulipatikana kwa kuviacha vitabu vya polisi. Mchumi Edward Miguel, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2005, alikusanya taarifa za mauaji vijijini katika Wilaya ya Meatu, Usukuma hiyo hiyo, kwa kuwauliza wanavijiji wenyewe, kisha akazilinganisha na mvua. Katika miaka ya ukame au ya mafuriko, mauaji ya wanaodaiwa kuwa wachawi yalikuwa takriban mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda. Waliouawa walikuwa hasa wanawake wazee wa kaya maskini, na wauaji mara nyingi walikuwa ndugu zao. Jedwali la mkoa lisingeonyesha lolote kati ya hayo. Lingeandika "mauaji", na kamati ya usalama ingeongeza doria barabarani wakati hatari imekaa ndani ya nyumba, kando ya ghala tupu.

Serikali yenyewe iliwahi kukiri kwamba habari ziko kwa wananchi. Machi 2009, mauaji ya watu wenye ualbino yalipokuwa yameitia Kanda ya Ziwa aibu na majonzi, ilipigwa kura ya siri ambapo wananchi waliandika majina ya waliowashuku kwa mauaji hayo, kwa ujambazi na kwa dawa za kulevya. Nia yake ilieleweka. Njia yake naiona ya hatari, maana karatasi isiyo na jina la mwandishi inaweza kumtaja muuaji, na inaweza pia kumtaja jirani mwenye kiwanja kizuri. Wananchi waliulizwa nani mbaya. Hawakuulizwa nini kimewapata. Swali la pili ndilo linalojenga takwimu, na ndilo ambalo halidhuru asiye na hatia.

Najua nitakavyojibiwa. Tangu 2006, wakati wa aliyekuwa Inspekta Jenerali wa Polisi, Saidi Mwema, tuna polisi jamii. Tuna ulinzi shirikishi mitaani na michango ya kila kaya. Tuna wakaguzi wa polisi katika kata. Kwenye mialo tuna BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi. Yote hayo ni kweli na yana manufaa. Hata hivyo, muundo huo unapeleka taarifa juu kwa njia ile ile: mwenyekiti wa mtaa anamwambia mkaguzi, mkaguzi anaamua nini kiandikwe. Kijana aliyekamatwa na walinzi, akapigwa na kuachiliwa alfajiri, haonekani popote kama mwathirika. Aliyeuawa na wale ambao redio huwaita wananchi wenye hasira kali huhesabiwa, lakini yowe na kipigo vilivyotangulia, vilivyohusisha mtaa mzima, havihesabiwi. Na tukio moja linaweza kubadili maisha ya mji bila kutikisa kiwango: Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Mwanza, Liberatus Barlow, alipopigwa risasi na kuuawa Kitangiri usiku wa kuamkia 13 Oktoba 2012, takwimu iliongezeka kwa moja. Watu waliouliza kama kamanda mwenyewe hayuko salama, sisi je, hawakuwa wanakosea hesabu.

Uingereza na Wales walianza mwaka 1982 kuuliza kaya, kwa uchunguzi unaojitegemea, nini kimewapata, waliripoti au hawakuripoti, na kwa nini. Ndiyo maana mkazi wa mji mdogo kule anaweza kulinganisha taarifa ya polisi na ya uchunguzi huo na kuona pengo, angalau kwa ngazi ya nchi. Hatuna haja ya kusafiri mbali: Dar es Salaam ilifanyiwa uchunguzi wa waathirika mwaka 2000 chini ya mpango wa miji salama ulioanza 1997. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina wadadisi waliozoea kugonga milango. Mwanza inahitaji uchunguzi kama huo kila baada ya miaka michache, ukifanyika kwenye mialo mara mbili ndani ya mwezi mmoja, usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi, ili kambi zihesabiwe zikiwa zimejaa na zikiwa tupu. BMU tayari huandika mitumbwi na samaki; ukurasa wa injini zilizoporwa, wenye tarehe na mahali, hauhitaji sheria mpya. Na kila kikundi cha ulinzi shirikishi kiwe na daftari la watu kiliowakamata: saa, sababu, hali ya mtu alipokabidhiwa, na nani aliyempokea, likikaguliwa na hakimu wa mahakama ya mwanzo badala ya polisi anayewategemea walinzi hao.

Kazi ya kuuliza maswali ya nyumbani isipewe mwenyekiti wa mtaa wala mtemi. Mwanamke anayehofiwa kuwa mchawi, au anayepigwa na mumewe, hawezi kulisema hilo mbele ya mtu ambaye kesho atakaa kwenye baraza la kumhukumu. Wadadisi wawe wanawake kutoka kata nyingine, waongee Kisukuma, Kikerewe au Kijita pale inapolazimu, na majibu yatoke kijijini bila majina.