Nyanya ya Debe na Maji ya Kariakoo

Ndugu mkulima, leo tutazungumza juu ya nyanya inayooza kitako. Wengi mmeiona. Majani ni mazuri, tunda bado bichi, lakini kule chini, pale ua lilipokuwa, pana baka jeusi lililobonyea. Mwenye nyanya husema ni ugonjwa. Hununua dawa, hupiga, na fedha hupotea bure. Basi tupite Kariakoo, Dar es Salaam, tuone chanzo chake.

Jina la Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Baadaye pakawa soko, na nyumba zikasongamana. Mwaka 1972 ilitangazwa kwamba Siasa ni Kilimo. Ukame ukafuata, chakula kikapungua, na mwaka 1974 ukaja wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Wito huo uliwahusu hata watu wa mjini. Lakini mtu wa katikati ya mji atalima wapi? Ana ua mdogo, ana debe au ndoo kuukuu. Humo ndimo hupanda nyanya yake.

Je, maji yalitoka wapi? Yalivutwa kutoka Mto Ruvu, kwa mtambo wa Ruvu Juu wa mwaka 1959, kisha Ruvu Chini wa mwaka 1976. Hata hivyo mji ulikua upesi kuliko mabomba, na maji kukatika kukawa jambo la kawaida. Leo bomba linatoka, kesho na keshokutwa kavu. Hapo ndipo kitako cha nyanya huoza.

Sababu ni hii. Tunda linahitaji madini ya chokaa, yaani kalsiamu, nayo husafiri ndani ya mche pamoja na maji. Udongo ukikauka, safari inakatika. Kidogo kinachopanda huchukuliwa na majani, na kitako cha tunda, kilicho mwisho wa njia, kinakosa. Halafu ukiona kiu ukamwaga ndoo nzima kwa pupa, nyama ya tunda huvimba kuliko ganda, nalo hupasuka.

Sasa tazameni jengo la soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975. Msanifu wake, Mtanzania Beda Amuli, alilipa paa la miavuli mikubwa iliyopinduliwa juu, ili ikinge mvua na kupeleka maji kwenye tangi chini ya ardhi. Jengo hilo liliungua mwaka 2021, lakini fundisho lake halikuungua: kinga maji yanapopatikana, uyatumie kidogo kidogo.

Basi, ndugu mkulima, fanya hivi:

Debe moja, mche mmoja. Toboa matundu chini. Changanya udongo mzuri na samadi iliyooza vizuri.

Weka pipa au ndoo ya akiba yenye mfuniko, mbu wasizaliane. Mwagilia kila asubuhi mpaka maji yaanze kuchuruzika chini. Jua likiwa kali, chomeka kidole jioni. Kama ndani ni pakavu, ongeza.

Tandaza majani makavu juu ya udongo yazuie jua.

Mbolea ya S/A usiizidishe. Huongeza majani, na amonia yake huuzuia mche kupata chokaa. Mbolea ya CAN ina chokaa ndani yake. Iweke kidogo kidogo, kisha mwagilia. Maganda ya mayai yaliyosagwa hayadhuru, ila huoza polepole. Hayataokoa tunda la wiki hii.

Tunda lililokwisha kuoza kitako haliponi. Lichume, ili mche ulishe yanayofuata. Na wewe mwenye shamba Mgeta au Lushoto, usidhani haya ni ya watu wa madebe tu. Tuta likikauka siku nne na kufurika siku ya tano, nyanya yako nayo itafika sokoni na kitako cheusi, na mnunuzi ataitupa pembeni.

Kazi njema.