Gazeti la nani? Magazeti ya Zanzibar kabla ya 1964

Tangu Agosti 2023 Meta imezuia habari kwenye Facebook na Instagram hapa Kanada. Basi sisi wa Toronto siasa za nyumbani tunazipata YouTube, au kwenye sauti anazotuma mjomba kwenye kundi la WhatsApp la familia. Kila anayeongea anajiita "chombo huru". Nilidhani haya ni mambo ya kizazi chetu, mpaka nikasoma kuhusu Zanzibar ya miaka ya 1950.

Kisiwa kidogo, lakini magazeti tele. Al-Falaq lilikuwa la Jumuiya ya Waarabu. 1954 viongozi wake walishtakiwa kwa uchochezi kwa kuwasema Waingereza. Mwongozi, la Ali Muhsin Barwani, lilikuwa upande wa ZNP. Afrika Kwetu, la Mtoro Rehani, liliwasemea Waafrika na baadaye ASP. Abdulrahman Babu, wa mrengo wa kushoto, alikuwa na Zanews; 1962 naye akafungwa kwa uchochezi. Hata asiyejua kusoma hakukosa habari, maana magazeti yalisomwa kwa sauti barazani.

Tena yalisema ukweli ambao serikali haikutaka usikike: Mwongozi lilidai uhuru, Afrika Kwetu lilikumbusha utumwa na ubaguzi. Lakini ukiyasoma pamoja unaona kitu kingine. Huku, mtu wa bara anaitwa mgeni asiye na haki ya kupiga kura. Kule, Mwarabu aliyezaliwa hapo hapo anaitwa mgeni vilevile. Wiki baada ya wiki, jirani akageuzwa mgeni. Juni 1961, siku ya uchaguzi, fujo zikazuka na watu 68 wakauawa, wengi wao Waarabu wa mashamba. Sisemi magazeti ndiyo yaliyoua. Ila maneno yalikuwa tayari.

Kunyamazisha nako hakukusaidia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 magazeti ya vyama yalitoweka. Dira, la Ali Nabwa, lilipojaribu tena mwaka 2002, lilipigwa marufuku Novemba 2003.

Kwa hiyo siku hizi nikitumiwa klipu, siishii kuuliza kama inaisema serikali ukweli. Nasikiliza pia inamwitaje jirani yangu.

Wikendi hii waulizeni bibi na babu: nyumbani kwao lilisomwa gazeti gani, na la jirani je, walilisoma?