Kufungwa kwa Pwani, 1888–1889

Pepo za kaskazi zianzapo kuvuma mwezi wa Disemba, majahazi ya Arabuni yalizoea kushuka hadi Malindi na Takaungu kutafuta nafaka. Lakini msimu wa 1888 njia hiyo ililindwa na manowari za Uingereza na Ujerumani. Tangu tarehe 2 Disemba pwani ya Sultani wa Zanzibar, kuanzia Lamu hadi Ruvuma, ilifungwa kwa mambo mawili: silaha zisiingie, na watumwa wasitoke.

Chanzo chake hakikuwa Malindi. Mwezi wa Agosti kampuni ya Kijerumani ilianza kutawala Pangani na Bagamoyo, na wenyeji wakaikataa kwa vita, wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Bismarck alitaka baruti isiwafikie. Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza, hakupenda kuwaacha Wajerumani peke yao baharini, akashirikiana nao. Ilani ikatolewa kwa jina la Sultani Khalifa bin Said. Hivyo Malindi ilifungiwa bahari kwa ajili ya vita vya Pangani.

Hata hivyo, bahari iliyofungwa kwa Abushiri haikufungwa kwa adui zake. Katika mwaka wa 1889 Hermann von Wissmann alileta askari wa Kisudani na Kizulu, pamoja na bunduki na mizinga.

Mwisho wa jambo hili haukuletwa na mizinga, bali na mapatano. Mwezi wa Septemba 1889 Sultani alikubali kwamba kila aingiaye katika nchi zake baada ya tarehe 1 Novemba atakuwa mtu huru, na kwamba manowari za mataifa hayo mawili zitapekua vyombo katika maji yake. Tarehe 1 Oktoba pwani ikafunguliwa.

Je, nani alifaidika? Ahadi ya uhuru ilikuwa njema, lakini haikuwagusa waliokuwa tayari watumwa katika mashamba ya Malindi. Na silaha zilizuiwa tena kwa Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890. Wazee husema, mwenye nguvu mpishe. Sultani alipisha, bali Malindi na Takaungu, zilizofungwa na kufunguliwa, hazikuulizwa neno.