Msuguano na Vilainishi katika Uchambuaji wa Pamba Bariadi
Historia ya pamba Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa 2012, huandikwa kupitia bei na ushirika, hasa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria la 1955. Mashine husahauliwa. Ile ya rola, aliyoibuni McCarthy nchini Marekani mwaka 1840, huishi kwa msuguano: ngozi ya rola huvuta nyuzi kwenye ncha ya kisu cha chuma, mbegu zikaachwa nyuma. Msuguano huohuo, kwenye beringi na meno ya gia, ni uharibifu. Humo hutiwa grisi yenye viongezi vya salfa au fosforasi. Chini ya mgandamizo na joto, viongezi hivyo hufanya utando mwembamba unaolika badala ya chuma chenyewe. Lakini grisi ikivuja hadi kwenye rola, ngozi huteleza, nyuzi huingia doa na daraja la pamba hushuka. Hasara hiyo yaweza kumfikia mkulima asiyewahi kuiona mashine.